Zamu ya Usiku wa Noeli

Siku ya Noeli watu wa Songea huamka mapema. Mvua imenyesha usiku, njia ni tope jekundu, na watoto wamechukua viatu vyao vipya mkononi wasije wakavichafua kabla ya kufika kanisani. Nyumbani kuku amekwisha kuchinjwa. Ukisimama njiani kabla ya saa mbili asubuhi, utaona watu wote wanakwenda upande mmoja. Lakini ukitazama vizuri utamwona mmoja ajaye kinyume chao, koti juu ya nguo zake za kazi, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Huyo ni mwuguzi aliyemaliza zamu ya usiku. Katika habari hii tutaeleza alilokuwa akilifanya, na kwa nini kazi yake haikuweza kungoja sikukuu ipite.

Katika mji wa Songea iko hospitali ya mkoa, ambayo watu wengi huiita Homso. Na huko Peramiho, kama kilometa 24 upande wa magharibi, iko hospitali ya misioni ya Wabenediktini, ambao walifika mahali pale mwaka 1898. Katika hospitali kama hizi usiku na mchana hugawanywa katika zamu, na orodha ya zamu hubandikwa ukutani. Mwezi wa Desemba orodha hiyo husomwa kwa makini kuliko miezi mingine yote! Huyu ana mtoto mchanga, yule hajamwona mama yake tangu mwaka jana. Basi hubadilishana, lakini mwishoni lazima jina la mtu liandikwe penye usiku wa tarehe 24.

Labda utadhani ya kuwa usiku ule kazi ni nyepesi, kwa sababu vitanda vingine vitupu. Ni kweli kwamba wagonjwa waliopata nafuu huruhusiwa kwenda kula sikukuu kwao. Lakini wale wanaobaki ndio walio hoi, wasioweza kutoka. Tena kuna jambo la pili. Watu wengi wakishikwa na ugonjwa karibu na Noeli husema, “Tungoje sikukuu ipite.” Hata ugonjwa ukizidi kabisa, ndipo huja mbio usiku. Kwa hiyo wagonjwa wa usiku ule huweza kuwa wachache, lakini ni wazito.

Yafaa pia kukumbuka majira. Katika nchi ya Ruvuma mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, nayo huendelea mpaka Aprili. Maji hutuama katika vidimbwi, na mbu hutaga mayai humo. Yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku kumi hivi, ikiwa kuna joto la kutosha. Mbu akimwuma mtu mwenye malaria, vijidudu hukaa ndani yake muda wa siku kumi au zaidi kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Na aliyeambukizwa huchukua tena juma moja au mawili kabla ya kuona homa. Jumlisha siku hizo, nawe utaona kwa nini homa huanza kuongezeka wakati ule ule watu wanapofurahia sikukuu na mwaka mpya. Mwaka 2023 malaria iliua watu karibu 600,000 duniani, wengi sana Afrika, na wengi wao ni watoto wasiotimiza miaka mitano.

Sasa tumtwae mtoto mmoja, ambaye si mtoto fulani, ila ni mfano wa wengi. Ana miaka mitatu. Homa ilimshika tarehe 22. Tarehe 24 jioni akapatwa na degedege, na mama yake akampakia juu ya pikipiki, akamshika kifuani njia nzima katika mvua.

“Mama, homa ilianza lini?” mwuguzi amwuliza, huku mikono yake imekwisha anza kazi.

“Juzi, Sista. Nilifikiri itapoa.”

(Huku kwetu mwuguzi huitwa Sista, hata kama si mtawa.) Sista hamkaripii mama yule. Maneno makali hayapunguzi homa, tena anahitaji msaada wa mama huyu mpaka asubuhi.

Tone la damu lapimwa, vijidudu vyaonekana. Dawa ya malaria kali huitwa artesuneti, nayo asili yake ni mmea wa China. Kabla yake ilitumika kwinini ndani ya chupa ya maji, ikidondoka polepole kwa muda wa saa nne, tena mara tatu kila siku. Wauguzi wa zamani hukumbuka jinsi walivyohesabu matone usiku kucha. Mwaka 2010 ilitangazwa habari ya majaribio yaliyofanywa katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Watoto 5,425 walitibiwa, wengine kwa kwinini, wengine kwa artesuneti, na katika wale wa artesuneti vifo vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano. Mwaka uliofuata Shirika la Afya la Ulimwengu likashauri watoto wapewe dawa hii mpya.

Lakini dawa hii ina saa zake. Sindano ya kwanza hutolewa mara mgonjwa anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Hupimwa kwa kadiri ya uzito wa mtoto. Huja katika hali ya unga, huchanganywa na maji yake maalum, na ikiisha kuchanganywa yapaswa kutumiwa upesi. Basi haiwezekani mwuguzi wa mchana aitengeneze mapema, aiache juu ya meza, kisha wote waende kanisani. Mtoto wetu alidungwa saa moja usiku wa tarehe 24. Lazima adungwe tena saa moja asubuhi ya Noeli, na mara nyingine saa moja usiku wa Noeli.

Na katikati ya sindano hizo kuna kazi nyingine, ngumu kuliko kudunga. Usiku watoto wote wodini wamefumba macho. Yupi amelala usingizi, na yupi amezimia? Kwa mlango wote wafanana. Hapo mwuguzi hutumia hesabu iliyotungwa kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika mji wa Blantyre, Malawi, na kutangazwa mwaka 1989. Hutazama mambo matatu. Je, macho ya mtoto hufuata uso wa mama yake? Akifuata, hupata 1. Je, hulia kama mtoto aliaye kweli? Hupata 2, akiguna tu, 1, akinyamaza, 0. Je, akifinywa hupeleka mkono mahali panapouma? Hupata 2, akivuta kiungo tu, 1, asipojitikisa, 0. Jumla ya mtoto mzima ni 5. Akipata 2 au pungufu, amezimia.

Mtoto wetu alipata 2. Basi mwuguzi humlaza ubavu asije akapaliwa na matapishi, humgeuza, hupima sukari katika damu yake kwa maana malaria kali huishusha, kisha hurudi tena na tena kutazama na kuandika. Saa sita usiku kengele za kanisa zalia na nyimbo zasikika kwa mbali. Aandika: 2. Saa tisa: 2.

Watu wengi wamesikia habari za Florence Nightingale, mwanamke wa Uingereza aliyefika Scutari, karibu na Istanbul, mwezi wa Novemba 1854 pamoja na wauguzi 38, akapitisha Noeli ya mwaka ule kati ya askari wagonjwa. Hukumbukwa kwa taa aliyoichukua usiku. Mimi naona kalamu yake ilistahili kusifiwa zaidi, maana aliwahesabu waliokufa, akaonyesha kwa michoro kwamba wengi waliuawa na maradhi kuliko majeraha. Mwuguzi wetu wa Songea naye ana karatasi yake kando ya kitanda.

Mara nyingine ugonjwa huharibu damu hata mtoto akawa mweupe viganjani, naye huhitaji kuongezewa damu. Hapo Noeli huleta taabu ya pekee. Wengi wanaotoa damu kwa hiari nchini Tanzania wamekuwa wanafunzi wa sekondari waliotimiza miaka 18, na Desemba shule zimefungwa. Damu haiwezi kuwekwa miezi mingi. Hata ikihifadhiwa vizuri katika baridi, hukaa siku 35 tu. Ndipo ndugu wa mgonjwa hutafutwa usiku, nyumba hata nyumba.

Wala si kila mtoto hupona. Wengine wamechelewa mno, na dawa iliyotolewa kwa saa yake haiwarudishi. Mwuguzi huuosha mwili mdogo, huketi na mama yake kimya, na huku nje watu wanapeana heri ya Noeli. Noeli kama hiyo mwuguzi haisahau, hata miaka ikipita mingi. Kisha huenda kwenye kitanda kingine, maana sindano ya saa moja yangoja.

Yule mtoto wetu, asubuhi ya Noeli, alipata 3. Mwuguzi akamdunga sindano ya pili, akaikabidhi karatasi kwa mwenzake, akaenda kulala wakati wengine wanakula. Jioni alirudi zamu, amebeba wali na nyama katika bakuli lenye kifuniko, ili ale pamoja na wenzake. Saa moja usiku alikaribia kitanda na sindano ya tatu. Mtoto akaiona, akamtazama mama yake ili amwokoe, akapiga kelele wodi nzima ikasikia, akausukuma mkono wa mwuguzi kwa mkono wake mwenyewe.

Mwuguzi akaandika 5.