Mbwa wa ghala akitokwa na udenda, usimtie mkono kinywani

Mbwa anayelinda ghala la mahindi amekataa chakula tangu jana. Taya limelegea, udenda unamchuruzika, na akijaribu kubweka sauti inatoka imekwaruza. Mwenye ghala anaamini amekwamwa na mfupa. Anapiga magoti, anamshika kichwa na kuingiza vidole kinywani kuutafuta.

Mfupa haupo. Siku mbili baadaye mbwa amekufa. Mwenye ghala tayari yuko safarini na shehena yake, upande wa pili wa mpaka, na mchubuko mdogo kwenye kidole haumshughulishi.

Madaktari wa mifugo wanalijua vizuri kosa la aina hii. Kichaa cha mbwa hakiji kila mara kwa sura ya mbwa anayekimbia mtaani akiuma kila anayekutana naye. Ipo sura ya kimya, ambayo mbwa hupooza taya na koo na kushindwa kumeza. Kwa kumtazama tu, hatofautiani na aliyekwamwa na mfupa. Virusi vimo kwenye mate, na mchubuko unatosha kuvipitisha.

Kuanzia Busia na Malaba hadi Namanga na Rusumo, mbwa ni mlinzi wa usiku wa maghala na maduka, na paka ndiye anayezuia panya wasitoboe magunia. Ni wanyama wa kazi. Hata hivyo wakiugua, wengi wao huishia kupewa dawa ya kubahatisha kutoka duka la dawa za mifugo, au hata vidonge vya binadamu. Kwa paka hilo ni hatari kubwa: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua.

Tone la damu na hadubini

Katika hospitali ya wanyama, kazi huanza kwa maswali. Mnyama ana umri gani? Alichanjwa lini? Ametoka wapi, na ameng'atwa na mnyama mwingine? Kisha hupimwa joto. Kwa mbwa mzima wa afya huwa kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, kwa hiyo mwili ulio wa moto kuliko wa binadamu si lazima uwe na homa.

Kipimo chenye manufaa makubwa kwa gharama ndogo ni tone la damu, mara nyingi kutoka ukingo wa sikio. Damu hutandazwa kwenye kioo, hupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Hapo huonekana vijidudu vya babesia vinavyoletwa na kupe, na vile vya ndorobo vinavyoletwa na mbung'o. Magonjwa yote mawili humwacha mbwa na homa, unyonge na fizi nyeupe kwa upungufu wa damu, lakini dawa zake ni tofauti. Anayebahatisha anaweza kumaliza fedha na bado akampoteza mbwa.

Kinyesi huonyesha mayai ya minyoo, na ngozi iliyokwanguliwa huonyesha wadudu wa upele. Uvimbe unaovuja damu kwenye sehemu za siri, ambao mbwa huambukizana wakipandana, nao hutambuliwa kwa seli chache chini ya hadubini, na aghalabu hupona kwa dawa. Vipimo vya kemia ya damu hueleza hali ya ini na figo, jambo la muhimu kabla ya upasuaji.

Picha zinaonyesha nini

Mbwa aliyegongwa na lori kwenye foleni ya mpakani anahitaji eksirei. Daktari hupiga picha mbili au zaidi kutoka pande tofauti, kwa kuwa mfupa uliovunjika unaweza kujificha katika picha moja. Eksirei huonyesha pia mfupa au chuma kilichomezwa, lakini kipande cha kamba au mfuko wa plastiki huenda kisionekane moja kwa moja. Mnyama mwenye maumivu au mkali hupewa dawa ya kumtuliza, maana akitikisika picha huharibika.

Altrasaundi hutazama viungo laini: ini, figo, kibofu na kizazi. Inaweza kuthibitisha mimba ya mbwa kuanzia takriban siku ya 25. Anayetaka kuhesabu watoto husubiri wiki za mwisho, mifupa yao inapokuwa imekomaa vya kutosha kuonekana kwenye eksirei. Altrasaundi ndiyo pia hufichua usaha uliojaa kwenye kizazi cha mbwa jike, ugonjwa unaoua haraka usipofanyiwa upasuaji.

Kipimo cha kichaa cha mbwa

Kwa kichaa cha mbwa, vifaa hivyo vyote havitoshi. Hakuna kipimo cha kuaminika kinachoweza kumthibitisha mbwa aliye hai. Uthibitisho hupatikana kwenye ubongo baada ya mnyama kufa, katika maabara kama zile za mifugo za taifa zilizopo Temeke jijini Dar es Salaam, Kabete nchini Kenya na Entebbe nchini Uganda. Sampuli huchukuliwa na mtaalamu aliyevaa kinga. Mwenye mbwa asijaribu kuikata mwenyewe.

Ndiyo maana mtu hasubiri majibu. Jeraha huoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huenda hospitali kupata chanjo. Mbwa aliyeuma, kama yu hai, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Kuvuka na mnyama

Kisiwa cha Pemba kinaonyesha gharama ya kusafirisha mbwa bila kujali. Chanjo za mbwa zilikomesha maambukizi kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa ulirudi, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kuwa virusi viliingia kutoka nje ya kisiwa. Ilihitajika kuchanja upya hadi maambukizi yakakoma tena mwaka 2018. Kwa kawaida lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Mfanyabiashara anayetaka kuvuka na mbwa au paka aanze kwa ofisi ya mifugo ya eneo lake, kabla ya siku ya safari. Kwa kawaida ataulizwa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha nchi anakokwenda.

Safari ya Ulaya ni ndefu zaidi. Mnyama huwekwa chipu chini ya ngozi kwanza, ndipo achanjwe. Baada ya siku 30 au zaidi, damu hutolewa kupima kinga katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Kiwango kikitimia, kwa wanyama wanaotoka nchi zetu husubiriwa miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Anayekumbuka karatasi hizi wiki ya safari atamwacha mnyama nyumbani.

Na yule mwenye ghala? Huenda bado anao muda, kwa kuwa virusi hivi mara nyingi huchukua wiki au miezi kabla ya kuonyesha dalili. Popote alipo, upande wowote wa mpaka, aoshe mchubuko kwa sabuni, aende hospitali iliyo karibu na aeleze kwamba alimtia mkono kinywani mbwa ambaye sasa amekufa. Mahindi yanaweza kusubiri.