Tone la Maji Katika Bilauri ya Wiski

Mwonjaji wa wiski ya Scotland huanza kazi yake kwa pua, wala si kwa ulimi. Hunusa bilauri, hutia maji kidogo, kisha hunusa tena. Naye hudai kwamba harufu imefunguka. Je, dai hilo lina msingi wa kisayansi, ama ni mazoea tu?

Wiski tunayoizungumzia hutengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, katika kiwanda kimoja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2009 yataka ikae katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na iuzwe ikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Wenye viwanda aghalabu huchanganya mapipa mengi ili ladha isibadilike mwaka hata mwaka. Lakini wako wafanyabiashara wa kujitegemea, mathalani Cadenhead, kampuni iliyoanzishwa Aberdeen mwaka 1842, ambao hununua mapipa ya viwanda vya wengine na kujaza chupa kutoka pipa moja moja, mara nyingi bila kuzimua. Kinywaji kama hicho chaweza kuwa na alkoholi ya asilimia 55 hadi 60, na hapo ndipo swali la maji linapopata uzito.

Wiski nyingi za kisiwa cha Islay hunuka moshi, kwa kuwa kimea chake hukaushwa kwa moto wa mboji. Mojawapo ya kemikali za moshi huo ni gwayakoli. Mwaka 2017 Karlsson na Friedman, wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, walichunguza kwa kompyuta mwenendo wa molekuli zake katika mchanganyiko wa maji na alkoholi. Alkoholi isipozidi asilimia 45, gwayakoli hupenda kukaa karibu na uso wa kimiminika, mahali ambapo pua huweza kuipata. Ikizidi asilimia 59, molekuli za alkoholi huizingira na kuizamisha ndani. Basi mwonjaji hakukosea sana. Hata hivyo, tusisahau kwamba kompyuta haina pua, na kwamba wiski halisi ina mamia ya kemikali, si moja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mililita 40 za wiski ya asilimia 60 zina mililita 24 za alkoholi. Tukiongeza mililita 20 za maji, tunakaribia asilimia 40. Twasema tunakaribia kwa sababu maji na alkoholi vikichanganyika hujibana. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili katika maabara, bila mwanafunzi yeyote kuonja kitu: apime mililita 50 za ethanoli na 50 za maji, azichanganye katika silinda ya kupimia, aache zipoe, kisha asome. Hatapata 100, bali kama 96 hivi.