KOZI MDOGO, MGENI WA MVUA



Novemba iliyopita nilikwenda kumtazama shemeji yangu huko Bisibo, mkoani Kagera, upande wa Biharamulo na Ngara. Jioni moja mvua ilipokatika, kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi. Watoto wakakimbilia mabeseni. Na juu yao ndege kama kumi wakawa wanapita mbio, wakiwanyakua kumbikumbi kwa kucha na kuwala hukohuko hewani. Kijana mmoja akatoa manati, akasema, "Mwewe hao! Watatumalizia vifaranga." Shemeji akamzuia: "Hao si mwewe, mwanangu. Hebu tazama vizuri."

Naye alisema kweli. Mwewe ni mkubwa, rangi yake ya kahawia, na mkia wake una panda. Huyu ni kozi mdogo, uzito wake gramu 200 hivi. Mbawa zake ni nyembamba, zimepinda kama mundu. Mgongo ni kijivu cha kukolea, mashavu ni meupe yenye masharubu meusi, kifua kina michirizi, na mapaja ni mekundu kama aliyevaa suruali. Makinda hawana wekundu huo. Chakula chake ni wadudu na ndege wadogo warukao. Kifaranga cha kuku hakimo.

Kwao ni Ulaya na Asia. Mwezi wa Juni jike hutaga mayai matatu hivi, wala hajengi nyumba: hukaa katika kiota kilichoachwa na kunguru. Huatamia kwa muda wa wiki nne, dume akimletea chakula, na makinda huruka baada ya mwezi mmoja hivi. Septemba huwa wamekwisha shika njia ya kusini, wakapita kwetu, bara na pwani, wakati wa vuli. Machi na Aprili hupita tena wakirudi kwao.

Sasa, yatuhusu nini sisi wa karafuu? Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa. Wakitua hupukutisha mbawa, dume na jike hufukua shimo, na hapo ndipo kichuguu kipya kinapoanza. Nani kati yetu hajang'oa mche wa mkarafuu uliokwisha liwa mizizi na mchwa? Kozi hawezi kuwamaliza, lakini kila jike amlaye huenda ni kichuguu kisichozaliwa.

Basi tuwaambie watoto wetu waweke manati chini. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katibu