ULIZA MODEMU KWANZA, KIFURUSHI BAADAYE

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Neno hili lafaa kwa watu, na mimi naona lafaa kwa mitambo vile vile. Intaneti ya chumba chetu cha kompyuta ikikatika, wengi wetu husema mara moja, "Kifurushi kimekwisha." Basi fedha hutafutwa, kifurushi kingine hununuliwa, na pengine intaneti haiji hata hivyo. Fedha hiyo yatoka katika mifuko ya wazazi, na sisi wa kidato cha nne tunaingoja intaneti hiyo tupate mitihani ya miaka iliyopita. Kwa hiyo yafaa tujue jinsi ya kutafuta kosa mahali lilipo.

Modemu ni kidude kidogo kichomekwacho ubavuni mwa kompyuta, na ndani yake mna laini kama ya simu. Twaweza kusema ni simu isiyo na mdomo wala sikio. Lakini yaelewa maandishi. Amri zake huanza na herufi AT, ambazo ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "sikiliza". Lugha hii ilienea kutokana na modemu ya Hayes iliyotolewa Marekani mwaka 1981, na hata modemu za 4G za leo bado zaielewa.

Katika kompyuta ya Linux, fungua dirisha la amri, kisha anzisha programu iitwayo minicom na uielekeze kwenye tundu la modemu, kwa mfano: minicom -D /dev/ttyUSB2. Namba ya mwisho hubadilika kwa kila modemu. Andika AT. Ikijibu OK, basi yakusikia. Sasa uliza maswali matano kwa utaratibu.

Swali la kwanza ni AT+CPIN? maana yake, je, laini ipo tayari? Jibu READY ni ndiyo. Jibu SIM PIN ni kwamba inangoja namba ya siri. Likija ERROR, chomoa laini uitazame. Huenda haikukaa vema.

Swali la pili ni AT+CSQ, nalo laulizia nguvu ya mawimbi. Jibu ni namba toka 0 mpaka 31. 99 maana yake haijulikani. Kila hatua moja ni desibeli mbili. Basi namba ikishuka kutoka 20 hadi 15, desibeli kumi zimepotea, yaani nguvu iliyobaki ni sehemu moja tu ya kumi. Ndiyo sababu kuisogeza modemu dirishani huweza kuleta tofauti kubwa.

Hapa milima yetu yaingia katika habari. Mawimbi ya simu hayapiti ndani ya mlima. Minara iliyo juu ya kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yauona mji wa Morogoro wote chini yake. Lakini mtu aliye nyuma ya mgongo wa mlima yumo kivulini, kama vile jua linavyofichwa. Mkulima wa Mgeta aliye bondeni aweza kukosa simu, na jirani yake wa juu akazungumza bila taabu. Hilo haliponywi kwa kununua kifurushi.

Swali la tatu ni AT+CREG? na kwa 4G ni AT+CEREG? maana yake, je, mtandao umekupokea? Jibu huwa na namba mbili. Itazame ya pili. 1 ni kwamba umepokewa nyumbani, 2, bado unatafuta, 3, umekataliwa, 5, umepokewa na mtandao wa ugenini. Ukikuta 3 huku mawimbi ni mazuri, huenda laini imefungwa, na dawa yake ni kwenda kwa wakala.

Swali la nne ni AT+COPS? nalo hutaja mtandao uliokupokea, kwa jina au kwa namba. Namba za Tanzania huanza na 640, za Kenya 639, na za Uganda 641.

Swali la tano ni AT+CGDCONT? nalo laonyesha jina la lango la intaneti, liitwalo APN. Kila kampuni ina lango lake. Laini ikibadilishwa toka kampuni moja hadi nyingine, na jina la zamani likabaki, mawimbi yatakuwa mazuri, modemu itakuwa imepokewa, lakini hapana ukurasa utakaofunguka. Huu ni mtego mkubwa, kwa sababu kila kitu chaonekana kizima.

Majibu yote matano yakiwa mema, hapo ndipo tuulize salio la kifurushi, wala si kabla.

Asiyependa njia hii ndefu atumie programu ya ModemManager. Amri mmcli -L hutoa orodha ya modemu zilizopo pamoja na namba zao. Na mmcli -m 0, ikiwa namba ni 0, huonyesha hali ya modemu, nguvu ya mawimbi kwa asilimia, na mtandao, vyote pamoja.

Nanyi wazazi msio na kompyuta, simu zenu nazo hujibu. Piga *#06# upate namba ya utambulisho wa simu yenyewe, uiandike mahali salama ikiwa simu itaibwa. Piga *106# ujue laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ukaikane upesi, maana deni au kosa la mwenye laini hiyo laweza kuandikwa kwa jina lako.

Mwanafunzi, Kidato cha IV