Kibainishi, Mkato na Mawanda ya Dai katika Tasnifu za Kiingereza

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano baina ya sarufi na uwazi katika tasnifu zinazoandikwa kwa Kiingereza na wazungumzaji wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba makosa hayana uzito sawa: yapo yanayokera jicho tu, na yapo yanayobadili dai la mtafiti.

2.0 Makosa Yanayoonekana

Kiambishi a- katika "anasoma" hakibainishi jinsia; hivyo baadhi ya waandishi huchanganya "he" na "she". Kosa hili huonekana mara moja, lakini aghalabu muktadha humwezesha msomaji kumtambua anayezungumziwa.

3.0 Makosa Yanayojificha

Kiswahili hakina kibainishi kinacholingana moja kwa moja na "the". Dhana hiyo huelezwa kwa njia nyingine: "nimekisoma kitabu", tofauti na "nimesoma kitabu", hudokeza kitabu kinachojulikana tayari. Katika Kiingereza mzigo huo hubebwa na kirai nomino. Mtafiti aliyewahoji walimu 40 wa wilaya moja anaweza kuandika:

(1) The teachers rejected the syllabus.
(2) Teachers rejected the syllabus.

Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, (1) inawahusu walimu waliokwisha kutajwa, ilhali (2) yaweza kueleweka kuwa inawahusu walimu kwa jumla, dai ambalo data haiwezi kulithibitisha.

Mkato nao una athari kama hiyo:

(3) The teachers who lacked books rejected the syllabus.
(4) The teachers, who lacked books, rejected the syllabus.

Katika (3) wanaotajwa kuwa walikataa ni wale tu waliokosa vitabu. Katika (4) walimu wote walikosa vitabu na wote walikataa. Kirejeshi cha Kiswahili, "walimu ambao hawakuwa na vitabu", huweza kubeba maana zote mbili.

4.0 Hitimisho

Msimamizi anayesahihisha upatanisho wa kisarufi peke yake huweza kupitisha tasnifu safi yenye madai yasiyo na ushahidi. Inafaa kwanza mwanafunzi aulizwe, kwa Kiswahili, kama anakusudia "walimu hao", "baadhi yao" au "walimu kwa jumla". Akishajibu, uteuzi wa kibainishi na mkato utakuwa na msingi. Kwa njia hii, Kiswahili huwa nyenzo ya kupimia dai, badala ya kuhesabiwa kuwa chanzo cha makosa tu.