Mwimbaji aliyekataa butura

Wakulima wa kahawa wa Mkoa wa Kagera wanalijua neno butura. Mkulima ana shida. Mtoto anadaiwa ada, au mama ni mgonjwa. Mlanguzi anakuja na fedha mkononi. Anainunua kahawa ingali maua mtini. Siku ya mavuno mkulima anachuma, lakini kahawa si yake tena. Serikali imepiga marufuku butura, na sisi mabwana shamba tunaikemea katika kila mkutano.

Waimbaji nao wana butura yao. Kule Marekani, kampuni kubwa ya muziki humwendea mwimbaji kijana asiye na kitu. Humkopesha fedha za kurekodi nyimbo. Santuri na kanda zikiuzwa, kampuni hukata kwanza deni lake katika fungu la mwimbaji. Fungu lenyewe ni dogo, kwa hiyo deni huchukua muda mrefu kwisha. Hata likiisha, kanda ya asili, ile ambayo nakala zote hutolewa kwake, mara nyingi hubaki mali ya kampuni. Ni kama kulipa deni la mbegu, kisha shamba likabaki kwa aliyekukopesha.

Mwanamke mmoja aliukataa mkataba wa namna hiyo. Jina lake ni Ani DiFranco. Hilo la kwanza, Ani, lisome kama lilivyoandikwa.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1970 katika mji wa Buffalo, Jimbo la New York. Ni mji wa viwanda, wenye baridi kali na theluji nyingi. Alianza kupiga gita akiwa na miaka 9. Mwalimu wake wa gita alimchukua wakapiga pamoja vilabuni. Alipofika miaka 15 alikuwa akijitegemea, na sheria ilimtambua kama mtu mzima. Huku nyuma alikuwa ameshaanza kutunga nyimbo zake mwenyewe.

Upigaji wake ni wa nguvu. Hubandika kucha za bandia vidoleni, akazifunga kwa utepe ule wa mafundi umeme ili zising'oke. Katika nyimbo husema wazi juu ya mapenzi, haki za wanawake na siasa za nchi yake. Si wote wanaopenda maneno hayo.

Mwaka 1990 alitoa kanda yake ya kwanza. Hakuipeleka kwa kampuni yoyote. Alianzisha kampuni yake, ambayo leo inaitwa Righteous Babe. Mwanzoni kampuni hiyo ilikuwa ni yeye, gita, gari na kanda. Aliendesha gari mji hata mji. Aliimba katika vilabu na vyuo, na baada ya kuimba aliuza kanda kwa mkono wake. Wasikilizaji walizinakili wakawapa rafiki zao. Kwa hiyo alipofika mahali pageni, alikuta watu wanazijua nyimbo. Baadaye kampuni ilipata simu ya kupokea maagizo. Simu za Marekani zina herufi juu ya tarakimu, na herufi za namba ile zilisomeka "peke yake".

Kampuni kubwa zilipoona watu wanajaa, zilikuja na mikataba. Alikataa. Badala ya kuhamia jiji kubwa, aliweka ofisi kwao Buffalo, na kazi za uchapaji akawapa watu wa mji ule. Mwaka 1998 santuri yake iitwayo Little Plastic Castle ilishika nafasi ya 22 katika orodha ya santuri zilizouzwa zaidi Marekani nzima.

Magazeti nayo yalimsifu kama mfanyabiashara. Mwaka 1997 gazeti moja la wanawake, Ms., lilieleza kwamba kwa kila santuri yeye hupata fedha nyingi kuliko kikundi kimoja mashuhuri cha wakati ule. Ani aliwaandikia barua ya kulalamika. Kwa nini wahesabu fedha zake wakaacha nyimbo? Alijiita mwimbaji tu. Nadhani alikuwa na haki, ingawa bwana shamba yeyote angependa kuziona hesabu hizo!

Fedha nyingine zilikwenda kwenye kanisa la zamani la mawe hapo Buffalo, lililojengwa katika miaka ya 1870. Kanisa hilo lilikuwa karibu kubomolewa. Yeye na meneja wake walilitengeneza, na mwaka 2006 likafunguliwa kuwa ukumbi wa muziki na ofisi ya kampuni.

Lakini mwenye mali hubeba na lawama. Mwaka 2013 alitangaza mafunzo ya muziki katika jumba la Jimbo la Louisiana ambalo zamani lilikuwa la shamba la miwa la watumwa. Watu walikasirika sana. Aliyafuta mafunzo. Maelezo yake ya kwanza hayakuwaridhisha watu, akaomba radhi.

Kampuni yake hutoa kazi za waimbaji wengine pia. Mwaka 2010 ilitoa hadithi ya nyimbo iitwayo Hadestown, iliyotungwa na Anaïs Mitchell. Humo Ani aliimba sauti ya malkia wa kuzimu. Hadithi hiyo ikawa mchezo mkubwa wa jukwaani jijini New York. Mwaka 2024, akiwa na miaka 53, Ani alipanda jukwaa hilo mwenyewe, akamwigiza malkia yule yule.