Kwa nini Eastlands bado inaikumbuka City Stadium

UKITOKA katikati ya jiji la Nairobi na kuifuata barabara ya Landhies hadi inapokutana na Jogoo Road, utauona uwanja ambao wakazi wa mitaa ya Eastlands wameuita kwa majina mengi. Wakati mmoja ulijulikana kama African Stadium, kisha Donholm Road, kisha Jogoo Road, kisha City Stadium. Baada ya kifo cha Joe Kadenge mnamo 2019, ulipewa jina la gwiji huyo wa kandanda.

Majina yamebadilika, lakini mazungumzo ni yale yale. Kila mtindo mpya wa mashindano unapozinduliwa, mashabiki wa makamo katika mitaa ya Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Jericho na Bahati hurudia hoja moja: kwamba kabumbu ilikuwa tamu zaidi enzi ambapo mtu aliifuata kwa miguu na kurudi nyumbani kabla ya giza. Vijana nao huwajibu kwamba kumbukumbu hazimlishi mchezaji.

Pande zote mbili zina haki ya kusikizwa. Hata hivyo, ili kufahamu kiini cha mvutano huo, yafaa kwanza kutazama mchezo ulivyokuwa, kisha namna ulivyobadilishwa.

Klabu za nyumbani, uwanja wa jirani

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, na mabingwa wa kwanza walikuwa Nakuru All Stars. Mwaka uliofuata, 1964, klabu ya Abaluhya iliundwa kwa kuunganisha timu ndogo ndogo za watu wa Magharibi. Mnamo Februari 1968 Luo Union na Luo Stars ziliungana, ikazaliwa Gor Mahia, ambayo ilitwaa ligi mwaka huo huo.

Klabu hizo hazikuwa kampuni. Zilifanana zaidi na vyama vya kusaidiana ambavyo wafanyakazi kutoka Nyanza na Magharibi walikuwa wameviunda jijini. Wengi wa wafanyakazi hao, wa reli, wa viwandani na wa Baraza la Jiji, waliishi Eastlands katika nyumba za kupanga za serikali na za waajiri. Kwao, kwenda City Stadium mwishoni mwa juma kulikuwa ni kukutana na watu wa nyumbani, kupata habari za kijijini na kuwasalimu jamaa.

Wasioweza kufika uwanjani waliufuata mchezo kupitia redio. Sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ndiyo iliyoyafanya maneno “Kadenge na mpira” kuwa msemo wa nchi nzima, ukatamkwa hata na watoto ambao hawakuwahi kumwona Kadenge akicheza.

Mapenzi hayo yalikuwa na upande wake wa pili. Utani wa Gor na wapinzani wao ulibeba pia ushindani wa kikabila. Mnamo 1980 serikali iliamuru klabu ziache majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, nayo Luo Union ikawa Re-Union. Majina yalibadilika vitabuni, ila mashabiki hawakuhama.

Mikondo miwili, hesabu rahisi

Mashindano ya bara katika enzi hizo yalikuwa rahisi kueleweka. Timu mbili zilikutana mara mbili, nyumbani na ugenini, na aliyeshindwa aliaga. Iwapo jumla ya mabao ilitoshana, bao la ugenini lilihesabiwa kuwa na uzito zaidi.

Mtindo huo uliwaumiza Gor mnamo 1979, walipofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika na kuchapwa na Canon Yaoundé ya Cameroon mabao 2-0 na 6-0. Miaka minane baadaye, mtindo ule ule uliwapa taji. Katika fainali ya 1987 Gor walitoka sare ya 2-2 na Espérance jijini Tunis, kisha 1-1 Nairobi. Kwa kuwa walikuwa wamefunga mawili ugenini dhidi ya moja la wageni wao, kombe likabaki Kenya. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa taji la bara.

Katika ukanda huu, klabu za Kenya zilitawala kwa muda mrefu. Kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati lilichukuliwa na Luo Union mwaka 1976 na 1977, Abaluhya 1979, Gor 1980 na 1981, kisha AFC Leopards mara tatu mfululizo kuanzia 1982 hadi 1984.

Jambo moja husahaulika katika simulizi hizi. Ushindi mkubwa kuliko wote, ule wa 1987, haukupatikana Jogoo Road. Ulipatikana katika uwanja mpya wa Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka huo, kando ya barabara ya Thika. Uwanja wa Nyayo nao ulikuwa umefunguliwa 1983. Soka kubwa ilikuwa tayari imeanza kuhama Eastlands wakati Eastlands ikiwa bado inashangilia.

Mitindo mipya yaingia

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja kwa awamu. Mnamo 1997 Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilianzisha hatua ya makundi katika Ligi ya Mabingwa. Mnamo 2004 Kombe la Washindi liliunganishwa na Kombe la CAF, likawa Kombe la Mashirikisho. Makundi yana mechi nyingi zaidi, na mechi nyingi zaidi humaanisha safari nyingi zaidi za ndege. Klabu inayotegemea viingilio na michango ya wanachama huona ugumu hapo. Gor walifika robo fainali ya Kombe la Mashirikisho msimu wa 2018-19, wakatolewa na RS Berkane ya Morocco.

Nyumbani, televisheni ya kulipia ya SuperSport iliingia katika Ligi Kuu. Mechi zikaonekana barani kote na klabu zikapata fedha, lakini kampuni hiyo ilijiondoa mwaka 2017 baada ya mvutano kuhusu kuongezwa kwa timu hadi 18. Kampuni ya kamari ya SportPesa nayo iliacha kudhamini michezo nchini mwaka 2019, kufuatia mzozo na serikali kuhusu kodi na leseni.

Kalenda pia iligeuzwa. Kwa miaka mingi ligi ilichezwa kuanzia Februari hadi Novemba. Tangu msimu wa 2018-19 ilianza kufuatana na ratiba ya Ulaya. Badiliko hilo liligusa jambo ambalo wasimamizi wengi hawakulitaja: mashindano ya mitaani.

Kule Ziwani, mashindano ya Koth Biro, jina ambalo kwa Kijaluo maana yake ni “mvua yaja”, yalizoea kufanyika ligi ikiwa mapumzikoni, mwishoni mwa mwaka. Wachezaji wa Ligi Kuu walirudi mitaani kucheza kwenye vumbi na matope pamoja na vijana wasiojulikana, na watazamaji waliwazunguka bila kulipa kiingilio. Ligi inapoendelea Desemba, mchezaji hana mapumziko hayo ya kurudi nyumbani.

Wanachosema vijana

Hata hivyo, mgala muue na haki mpe. Mitindo mipya imewafungulia vijana wa Eastlands milango ambayo baba zao hawakuiona.

Mfano ulio wazi ni wa jamaa moja ya Muthurwa, hatua chache kutoka City Stadium. Noah Wanyama aliichezea AFC Leopards katika miaka ya 1980. Mwanawe, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010. Mwingine, Victor Wanyama, aliifungia Celtic bao katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Barcelona mnamo Novemba 2012. Baba alitazamwa na majirani uwanjani, ilhali wana walitazamwa na majirani hao hao katika vibanda vya video.

Mfano wa pili ni wa Jumapili ya Julai 7, 2019. Siku hiyo Kariobangi Sharks, klabu ya Eastlands, ilitoka sare ya 1-1 na Everton ya Uingereza uwanjani Kasarani katika mechi ya kirafiki, kisha ikashinda kwa penalti. Fursa hiyo ilitokana na mashindano mapya ya mdhamini. Siku hiyo hiyo Joe Kadenge aliaga dunia.

Kilio kama hicho Uingereza

Mjadala huu si wa Nairobi pekee. Nchini Uingereza, wapenzi wa kriketi wamekuwa wakibishana kwa miaka zaidi ya 20 kuhusu mashindano ya kaunti, ambayo yamekuwa rasmi tangu 1890. Mechi moja ya kaunti huchukua siku nne, na mashabiki wake wengi ni wazee wanaokwenda na chakula chao, wakakaa uwanjani mchana kutwa.

Mwaka 2003 kaunti zilianzisha Twenty20, mtindo ambao kila upande huchezewa ova 20, yaani mipira 120, na mechi huisha kwa saa tatu hivi. Viwanja vilijaa. Mwaka 2021 kukaja The Hundred, mipira 100 kwa kila upande, ikiwa na timu nane mpya zisizobeba majina ya kaunti. Hapo ndipo malalamiko yalipozidi: wazee hawakupinga ufupi wa mchezo kama walivyopinga kuona kaunti zao zikisukumwa kando katika mwezi bora wa kiangazi.

Kenya ina funzo lake katika kriketi. Mnamo Februari 24, 2003, uwanjani Gymkhana jijini Nairobi, Kenya iliilaza Sri Lanka kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiangusha wiketi tano kwa mikimbio 24. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, naye Obuya akapata mkataba na kaunti ya Warwickshire.

Kisha mizozo ikazuka. Wachezaji waligoma kwa sababu ya malipo, na chama kilichosimamia mchezo kikavunjwa. Kombe la kwanza la dunia la Twenty20 lilipofanyika Afrika Kusini mnamo Septemba 2007, Sri Lanka ile ile ilifunga mikimbio 260 dhidi ya Kenya na kushinda kwa tofauti ya 172. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mtindo mfupi haukuiua kriketi ya Kenya, wala haukuiokoa. Uliikuta msingi wake umekwisha kumomonyoka.

Kipimo cha mtindo

Hapo ndipo hoja ya wazee wa Eastlands inapopata uzito. Wakisikizwa vyema, hawaombi hatua ya makundi ifutwe. Wanachouliza ni kama mkazi wa Makongeni anaweza kufika uwanjani, kulipa kiingilio bila kukosa chakula cha jioni, na kumtambua mchezaji aliyemwona akikua.

Mnamo Agosti 2025 mashindano ya CHAN, yaliyowahusu wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, yalichezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza, ikaishinda Morocco 1-0, na kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Kasarani ilifurika. Huo ulikuwa mtindo mpya kabisa kwa mashabiki wa Kenya, nao wakaukumbatia, kwa kuwa uliwaleta mbele yao wachezaji wa ligi yao wenyewe.

Kombe la Afrika la 2027 limekabidhiwa nchi hizo hizo tatu, na uwanja mpya wa Talanta umejengwa upande wa Ngong Road, magharibi mwa jiji. Ni jambo la kujivunia. Lakini mashindano makubwa hudumu wiki chache, ilhali mtoto wa Kaloleni huhitaji mahali pa kuchezea na kutazamia mpira mwaka mzima.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Uwanja wa Jogoo Road ungali pale pale, na mitaa iliyoujaza ingali imeuzunguka.